Lenzi ya Kuvuta ya Bei Nafuu kwa Picha za Bendi za Gwaride na Matarumbeta: Namna ya Kuichagua

Bendi inapopita, picha iko usoni na mikononi: mashavu yaliyojaa pumzi, vidole juu ya vali za tarumbeta, jasho linaloteremka chini ya ukingo wa kofia, jicho la mpiga ngoma kubwa linalomfuata kiongozi wake. Mpiga picha naye yuko mbali, jukwaani, nyuma ya kamba au ng'ambo ya barabara. Lenzi ya 18-55mm iliyokuja na kamera itampa uwanja mzima, na watu wadogo katikati yake. Anayezipenda bendi kweli hataridhika na hilo. Ataanza kutafuta lenzi ya kuvuta mbali, na mfukoni ana pesa ya kawaida.

Mwongozo huu ni wa mtu huyo. Nitasisitiza jambo moja tangu mwanzo: usianze na lenzi. Anza na mahali utakaposimama na saa utakayopiga, kisha kamera uliyonayo, ndipo ufike kwenye lenzi. Wanaoanza na swali la "inavuta mpaka ngapi?" ndio wanaorudi nyumbani na namba kubwa na picha zenye ukungu.

Hatua ya 1: Amua ni bendi gani unayoifuata

Gwaride la sherehe za kitaifa ni kazi ya mchana na ya mbali. Tarehe 9 Desemba Tanzania Bara, 12 Januari Zanzibar, 1 Juni, 20 Oktoba na 12 Desemba Kenya: sherehe zinapofanyika uwanjani, wewe mwananchi uko jukwaani na bendi ya jeshi au polisi iko chini. Jua linawaka, kwa hiyo mwanga si tatizo. Tatizo ni umbali.

Matarumbeta ya harusi Dar es Salaam ni kinyume chake. Vijana wamepanda nyuma ya pikapu, msafara unatembea, wewe uko mita chache tu kutoka kwao, na shughuli iliyoanza alasiri inaishia ukumbini usiku. Hapa umbali si kitu, giza ndilo linalokusubiri.

Katikati ya hizo mbili kuna mengi. Kuna beni ya Unguja inayopita katika vichochoro vya Mji Mkongwe, iwe kwa harusi au katika maandamano ya kufungua tamasha la Sauti za Busara. Kuna vikundi vya tarumbeta vya sharika za KKKT (Walutheri wa Tanzania) na vya Wamoraviani, kuna bendi za Jeshi la Wokovu, kuna bendi za skauti na za shule. Ngoma ya beni yenyewe ilianza pwani, Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19, kwa kuiga bendi za kijeshi. Wachezaji wake walishindana kwa sare, vyeo na mwendo wa gwaride. Nalitaja hili kwa sababu fahari ile bado ipo kwa kila aliyevaa sare na kushika tarumbeta, na mpiga picha anayeijua hatapiga umati tu. Atatafuta kifungo kilichosuguliwa na glavu nyeupe iliyokunjwa vizuri.

Chagua moja kati ya hizi iwe kazi yako kuu. Lenzi moja ya bei nafuu haiwezi kuwa bora kwa zote, na anayetaka moja itoshe zote huishia kununua mara mbili.

Hatua ya 2: Pima umbali kwa miguu

Nenda mahali penyewe siku isiyo na shughuli, simama pale utakaposimama, kisha hesabu hatua ndefu hadi pale bendi itakapopita. Hatua moja ndefu ya mtu mzima inakaribia mita moja, na usahihi huo unatosha.

Sasa hesabu fupi. Kamera nyingi za bei nafuu zina sensa (kipande cha ndani kinachopokea picha) ndogo, ya aina ya APS-C. Ukiishika kamera wima na kutaka mtu mzima aonekane kuanzia kofia hadi viatu na nafasi kidogo juu na chini, gawa urefu wa fokasi wa lenzi (namba ya mm iliyoandikwa juu yake) kwa 9 ukiwa na Canon, au kwa 9 na nusu ukiwa na Nikon au Sony. Jibu ni mita. Kwenye Canon, lenzi ya 250mm inamjaza mtu kwenye fremu akiwa mita 28. Ya 200mm ni mita 22, ya 300mm ni mita 33, na 55mm ni mita 6. Ukitaka kiuno hadi kofia, punguza umbali huo kwa nusu. Ukitaka uso na mdomo wa tarumbeta tu, kwa 250mm yakupasa uwe kama mita 9.

Kwa kamera zenye sensa kubwa kamili, gawa kwa 14 badala ya 9. Ndiyo sababu mwenye kamera ndogo ya zamani ana nafuu hapa kuliko jirani yake mwenye kamera ya gharama: lenzi ileile inamfikisha mbali zaidi.

Peleka hesabu hii uwanjani. Uwanja wa mpira wenye upana wa mita 68 una mita 34 hadi katikati. Njia nane za riadha zinaongeza karibu mita 10, kisha kuna nafasi iliyobaki kabla ya jukwaa. Ukikaa safu za mbele, bendi iliyosimama katikati ya uwanja iko karibu mita 50. Kwa 250mm utapata kipande cha upana wa mita nne na nusu, yaani wanamuziki watatu au wanne. Kumjaza mmoja pekee kungehitaji lenzi ya 450mm, na hiyo si bei nafuu tena.

Ushauri wangu ni kuacha kuikimbiza ile katikati ya uwanja. Gwaride lina mwendo wa pole na mwendo wa haraka, na vikosi hupita mbele ya jukwaa kuu kutoa heshima. Wahi geti linapofunguliwa, ukae karibu na mstari wa kupita au kwenye kona wanapogeukia, na mita 50 zitakuwa 20. Hakuna lenzi itakayokupa faida ya kiasi hicho kwa bei ya kuamka mapema.

Hatua ya 3: Jua ni mwanga kiasi gani unaouhitaji

Namba ya f inayoandikwa kwenye lenzi inaeleza upana wa tundu la kupitisha mwanga. Namba ikiwa ndogo, tundu ni pana. Lenzi iliyoandikwa f/4-5.6 ina f/4 ikiwa haijavutwa na f/5.6 ikivutwa hadi mwisho. Lenzi za f/2.8 huingiza mwanga mara nne ya f/5.6, na hapo ndipo bei inaporuka. Canon EF-S 55-250mm STM ilipotoka mwaka 2013 iliuzwa Marekani kwa dola 349. Canon EF 70-200mm f/2.8L IS II ya mwaka 2010 ilitoka kwa dola 2,499. Tofauti ni zaidi ya mara saba, na uzito nao unapanda, pamoja na maumivu ya shingo.

Je, bendi ya mchana inahitaji f/2.8? Haihitaji. Kwenye jua la saa nne asubuhi, ukiweka ISO 200 (ISO ni wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na f/5.6, kamera itakupa spidi ya shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, ya karibu 1/1600 ya sekunde. Hiyo inagandisha hata fimbo za ngoma. Katika kivuli cha vichochoro vya Mji Mkongwe saa kumi na moja jioni, ISO 1600 na f/5.6 bado hukupa karibu 1/500, ingawa huku kwetu karibu na ikweta giza huingia haraka jua likishazama.

Wapo wanaosema f/2.8 inahitajika ili nyuma ya mtu pawe na ukungu mzuri. Kwa 250mm na f/5.6, mtu akiwa mita 15, eneo lililo wazi lina kina cha karibu robo tatu ya mita. Hicho ni kina cha mtu mmoja na chombo chake. Jukwaa lote nyuma yake limeshayeyuka.

Ukumbini ni habari nyingine kabisa. Kwenye taa za kawaida za ukumbi wa harusi, hata ISO 6400 na f/5.6 hukupa 1/60 hadi 1/125 tu, na kwa mpiga tromboni anayecheza huku anapuliza hiyo haitoshi. Kitulizo cha mtikisiko hakikusaidii, maana chenyewe hutuliza mikono yako, si mwili wa yule unayempiga. Dawa ya ukumbini ni lenzi isiyovuta yenye tundu pana: 85mm f/1.8. Huingiza mwanga karibu mara kumi ya f/5.6, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya ile f/2.8 ya kuvuta.

Kwa hiyo kama fungu lako linaruhusu, lenzi mbili za bei nafuu, moja ya kuvuta kwa mchana na 85mm kwa usiku, zitakufaa kuliko moja ya gharama. Naamini hivyo kabisa.

Hatua ya 4: Hakikisha lenzi itaelewana na kamera yako

Hapa wanunuzi wengi huumia, hasa wenye Nikon. Soma jina la kamera yako vizuri kabla ya kutoka nyumbani.

Wenye Canon yenye kioo ndani (DSLR), kama 600D, 700D, 1300D au 80D, wanaweza kutumia lenzi zote za EF, aina iliyoanza mwaka 1987, pamoja na EF-S. Wenye Canon ya sensa kubwa, kama 6D au 5D, watumie EF tu. Wenye Canon mpya zisizo na kioo, kama R50 au R10, watafunga lenzi hizohizo kwa adapta ya EF kwenda RF, na fokasi ya otomatiki itafanya kazi bila shida. Gharama ya adapta iingize kwenye hesabu.

Nikon za mfululizo wa D3000 na D5000, kuanzia D3000 hadi D3500 na D5000 hadi D5600, hazina mota ya fokasi ndani yake. Lazima lenzi iwe na mota yake, yaani iandikwe AF-S au AF-P. Lenzi iliyoandikwa AF au AF-D itafunga vizuri, itapiga picha, lakini fokasi utazungusha kwa mkono, na bendi inayotembea haitakusubiri. Kwa upande mwingine, lenzi za AF-P ni mpya mno kwa kamera kama D90, D3000, D60 na D40: fokasi yake haifanyi kazi huko, hata ya mkono. D7000 na ndugu zake wakubwa wana mota ndani, hivyo lenzi za AF-D wanazikubali.

Kwa Sony, angalia kama mdomo, yaani sehemu ya kufungia lenzi kwenye kamera, ni wa E au wa A. Picha za tangazo mara nyingi hazionyeshi tofauti hiyo, uliza.

Hatua ya 5: Lenzi zenyewe

Mwenye Canon ya sensa ndogo, jibu langu ni Canon EF-S 55-250mm f/4-5.6 IS STM. Ina gramu 375, kitulizo (kinachoandikwa IS kwa Canon, VR kwa Nikon, OSS kwa Sony na VC kwa Tamron) ni kizuri, fokasi ni ya haraka na kimya, na picha zake zina ukali unaowashangaza watu wakisikia bei ya mtumba. Hakikisha ni ile yenye herufi STM. Zilizoitangulia, IS ya 2007 na IS II ya 2011, bado zinapiga picha nzuri, ila fokasi yake ni ya polepole na ina kelele. Kama muuzaji anakupa IS II kwa bei ya chini sana na wewe unapiga bendi ya shule mchana, chukua bila wasiwasi.

Ile ninayokuomba uiache ni Canon EF 75-300mm f/4-5.6 III. Utaiona kila mahali, kwa sababu iliuzwa ndani ya maboksi ya kamera kama nyongeza. Haina kitulizo, fokasi yake inasitasita, na ikivutwa hadi 300mm ukali unapungua. Namba 300 inavutia kuliko 250, lakini picha ya 250mm kutoka lenzi nzuri, ukiikata pembeni kidogo, itakuwa wazi kuliko ile.

Upande wa Nikon, kwa kamera zinazoikubali, AF-P DX 70-300mm f/4.5-6.3G VR ya mwaka 2016 ndiyo ya kutafuta. Ina gramu 415 na fokasi yake ni ya haraka sana kwa bei yake. Tazama herufi VR, maana ina pacha wake asiye na kitulizo na wanafanana mno. Kasoro yake kwa kazi yetu ni kuanzia 70mm: kwenye kichochoro au kando ya pikapu ya matarumbeta itakubana. Anayepiga bendi za karibu achukue AF-S DX 55-200mm VR. Ile 55-300mm VR ina umbali, ila fokasi yake inachelewa, na kwa watu wanaokuja moja kwa moja kwako kuchelewa huko kutakukera.

Sony mdomo wa E, kamera kama A6000: E 55-210mm f/4.5-6.3 OSS ina gramu 345 na ni ya bei nafuu. Tundu lake ni dogo mwishoni, hivyo ibaki kuwa lenzi ya mchana. Tamron 70-300mm f/4.5-6.3 Di III RXD ni kali zaidi lakini haina kitulizo, na A6000 nayo haina. Kwenye jua hilo halina madhara, kwa kuwa bendi utaipiga kwa 1/500 au zaidi hata hivyo.

Ukiwa na fungu kubwa kidogo, angalia mtumba wa lenzi za daraja la juu za zamani. Canon EF 70-200mm f/4L USM ya mwaka 1999 haina kitulizo, ina gramu 705, na f/4 yake haipungui ukivuta. Fokasi yake ni ya haraka kuliko zote nilizotaja kwa Canon hapa. Kwa mtu anayepiga magwaride ya mchana mwaka mzima, hii ndiyo ningeitafuta kwa subira. Tamron SP 70-300mm f/4-5.6 Di VC USD ya 2010, iliyotengenezwa kwa Canon na kwa Nikon, ni nzito lakini kitulizo chake kinashika barabara; usiichanganye na Tamron nyingine ya 70-300mm isiyo na VC, ambayo ni ya bei ya chini na ya uwezo wa chini.

Kwa usiku: Canon EF 85mm f/1.8 USM, Nikon AF-S 85mm f/1.8G, Sony FE 85mm f/1.8.

Usinunue vioo vya kuskurubu mbele ya lenzi vinavyodai kuvuta mara mbili, wala ile lenzi ndefu ya 420-800mm ya fokasi ya mkono inayoanzia f/8.3. Kwa bendi inayotembea havina kazi.

Hatua ya 6: Kagua mtumba kabla ya kutoa pesa

Kariakoo, Luthuli Avenue ya Nairobi au kwa mtu binafsi, mwendo ni uleule. Nenda na kamera yako, betri iliyojaa, kadi yako ya kumbukumbu na tochi ya simu. Anza kwa heshima: "Kaka, naomba niijaribu kwenye kamera yangu kwanza, bei tutaongea baadaye." Akikataa, shukuru uondoke.

Toa vifuniko vyote viwili, angaza tochi upande mmoja, na utazame kutoka upande wa pili kwa pembe, si moja kwa moja. Vumbi kidogo ndani ni kawaida na halionekani kwenye picha. Unachotafuta ni ukungu, nyuzinyuzi nyeupe zinazotambaa kutoka ukingoni mwa kioo. Kwenye hewa ya Tanga, Mombasa na Unguja ukungu ni ugonjwa wa kawaida wa lenzi zilizofungiwa kabatini, na ukishaingia unaendelea kula. Uzito wa punguzo usikushawishi. Utando unaofanana na moshi juu ya kioo chote nao ni sababu ya kuacha. Mkwaruzo mdogo wa mbele hauna neno; mkwaruzo wa kioo cha nyuma ndio mbaya.

Zungusha pete ya kuvuta taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukisikia mchanga unasaga, umeshajibiwa. Tazama vishikizo vya rangi ya shaba au dhahabu kule nyuma, vinavyounganisha lenzi na umeme wa kamera: vikiwa na kijani, hewa ya chumvi imeshafika.

Funga kwenye kamera. Piga picha ya kitu kimoja kwa f/5.6, kisha f/11, kisha f/16, ukiiacha kamera ipange shata yenyewe. Picha zote tatu zinapaswa kuwa na mwangaza unaofanana. Moja ikitoka nyeupe sana, visu vya tundu vimekwama, pengine kwa mafuta. Kwenye Canon, ujumbe wa Err 01 maana yake lenzi na kamera haziwasiliani vizuri.

Washa kitulizo, vuta hadi mwisho, bonyeza kitufe nusu. Utasikia mngurumo mdogo na picha kwenye kitazamio itatulia. Piga chache kwa 1/60 na uzikuze. Kitulizo kizima kinakupa nyingi zilizo wazi.

Kisha toka nje ya duka, ukiwa na mwenye lenzi ubavuni. Weka fokasi ya kufuatilia, AI Servo kwenye Canon au AF-C kwenye Nikon na Sony, chagua nukta ya katikati, na ufuate bodaboda inayokuja kwako, ukipiga mfululizo. Hili ndilo jaribio muhimu kuliko yote, kwa sababu linafanana na kazi utakayoifanya. Bodaboda inayotembea polepole ina kasi kuliko bendi. Lenzi ikiiweza, bendi itaiweza.

Mwisho piga ukuta wa matofali au bango lenye maandishi, ukisimama sambamba nalo, lenzi imevutwa hadi mwisho. Linganisha kona nne. Zote zikiwa laini kidogo kwa usawa, ni tabia ya lenzi. Kona moja ikiwa haina ukali na nyingine tatu ni safi, kioo kimehama ndani, huenda iliwahi kuanguka.

Omba risiti iliyoandikwa namba ya lenzi, na mkubaliane siku za kurudisha. Andikeni kwenye karatasi hiyohiyo. Kama boksi au historia yake haieleweki na bei iko chini kupita kiasi, kuna mtu mahali fulani anaitafuta lenzi hiyo.

Hatua ya 7: Ijaribu kwenye mazoezi

Usiisubiri siku ya sherehe. Vikundi vya makanisani hufanya mazoezi jioni za wiki, na bendi za shule huwa uwanjani mwao. Mwombe kiongozi au mwalimu ruhusa. Kwa watoto, ruhusa ya kupiga na ya kusambaza ni mbili tofauti, ziombe zote. Kwenye gwaride lenye ulinzi, mkaribie askari aliye karibu kabla hujainua kamera: "Afande, naomba kupiga picha nikiwa hapahapa nyuma ya kamba." Lenzi ndogo nyeusi haishtui watu getini, na hiyo ni faida nyingine ya vitu vya bei nafuu.

Mwendo wa haraka una hatua kama 120 kwa dakika, kila hatua karibu sentimita 75. Bendi iliyo mita 20 mbele yako itakufikia ndani ya sekunde 13 hivi. Panga kila kitu kabla. Weka shata 1/500 kwa watu wanaotembea, 1/1000 ukitaka fimbo za ngoma zigande, na 1/250 ukitaka fimbo zionyeshe mwendo wakati uso umetulia. Hii ya mwisho ndiyo naipenda zaidi, ingawa nyingi zitaharibika kabla hujapata moja.

Fokasi iweke usoni. Mdomo wa tarumbeta unang'aa na uko mbele, kwa hiyo kamera itaukimbilia ukiiachia ichague yenyewe. Na kwa kina kile cha robo tatu ya mita, ukali ukianzia kwenye chombo, macho yanaweza kubaki nje.

Sikiliza ngoma kubwa. Kwa kawaida pigo lake huangukia mguu wa kushoto unapotua, na hapo miguu ya safu nzima imeachana kwa usawa. Ukibonyeza pamoja na pigo, safu itaonekana kama ilivyofunzwa. Ukibonyeza katikati ya mapigo, miguu imekutana na watu wanaonekana wamesimama.

Sare nyeupe, ngozi nyeusi na shaba inayong'aa kwenye fremu moja ni mtihani kwa kamera yoyote. Punguza mwangaza kwenye kipimo cha +/- cha kamera kwa theluthi moja au mbili ili nyeupe isipotee, piga RAW (faili ghafi la kamera), kisha uinue nyuso wakati wa kuhariri. Jua likiwa utosini, ukingo wa kofia hufunika macho, kwa hiyo picha nyingi nzuri ni za kabla ya saa nne asubuhi na baada ya saa kumi alasiri. Saa saba mchana kuna jambo jingine: joto linalopanda kutoka kwenye lami hufanya watu wa mbali watetemeke kwenye picha. Usiilaumu lenzi mpya wala usiirudishe dukani kwa hilo. Hata ya dola 2,499 ingefanya vilevile. Sogea karibu.

Ukirudi kutoka pwani au uwanja wa vumbi, futa mwili wa lenzi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo kisha kikavu, na uihifadhi kwenye chombo cha plastiki kinachofunga vizuri pamoja na vifuko vya silika vinavyonyonya unyevu. Mikoba ya ngozi huhifadhi unyevu, iepuke.

Picha za mazoezi zifungue kwenye kompyuta usiku uleule na uzikuze hadi macho ya mpigaji yaonekane. Kama nyingi za zile ulizopiga kwa 1/500 na fokasi ya kufuatilia hazina ukali usoni, rudia kesho yake kwenye kamera ya rafiki yenye mdomo uleule ili ujue tatizo liko kwenye kamera au kwenye lenzi. Likiwa kwenye lenzi, beba ile karatasi ya makubaliano na uirudishe kabla siku hazijaisha.